Kabla ya Jenomu Kusomwa, Kuna Kikopo cha Fomalini

Kazi yangu haina jina tamu la kumtajia mtu harusini. Nakata nyama za wagonjwa. Daktari anatoa kipande cha titi, cha utumbo au cha pafu, wakati mwingine milimita mbili tatu tu, nacho kinaletwa maabara kikielea ndani ya kikopo. Tunakikausha maji kwa spiriti, tunakizamisha kwenye nta ya moto, kikipoa kinakuwa bloku ya kushikika mkononi. Bloku hiyo naifunga kwenye mashine ya kukatia, maikrotomu, na kila nikizungusha gurudumu unatoka utepe wa unene wa maikroni nne, yaani sehemu nne za elfu moja ya milimita. Utepe unaelea kwenye maji ya uvuguvugu, naunasa kwa slaidi, unatiwa rangi, kisha daktari wa patholojia anautazama kwa hadubini na kusema: hii ni kansa, au hii siyo.

Niliianza kazi hii Tanzania, binti wa Tanga niliyetoka chuoni, na sasa naifanya Vancouver, magharibi ya Kanada, mji ambao mvua yake haipiti, inakaa. Miaka yote hiyo ndugu zangu hawakuwahi kuniuliza lolote kuhusu kazi yenyewe. Waliuliza mshahara. Siku hizi simu zinaingia kwangu usiku wa manane, kwao kumeshakucha, kwa sababu kuna habari imezunguka kwenye WhatsApp: kwamba huku kansa iliyokwisha kusambaa inasomwa vinasaba, mgonjwa anapewa dawa yake peke yake, anapona. “Mama mdogo, tufanyie mpango wa hicho kipimo,” aliniambia mtoto wa dada yangu, wakati baba yake anaumwa. Katika habari ile ukweli umo. Chumvi nayo imo, hasa kwenye lile neno la mwisho.

Kinachosomwa ni maagizo yaliyomo ndani ya seli. Yameandikwa kwa kemikali nne ambazo wataalamu wanazitaja kwa herufi A, C, G na T, zimepangana kama bilioni 3, na ndani yake mna jeni zipatazo 20,000. Maagizo yote hayo kwa ujumla wake ndiyo jenomu. Kansa inaanzia humo. Herufi moja imebadilika, kipande kimepotea, kingine kimejinakili mara nyingi kupita kiasi, au vipande viwili visivyojuana vimeungana. Mengi ya mabadiliko hayo mtu hakuzaliwa nayo. Yameingia njiani, kwa moshi wa sigara, kwa virusi, kwa jua kali, au kwa seli kukosea tu ilipokuwa ikijigawa. Machache yanarithiwa, kama yale ya jeni za BRCA1 na BRCA2 yanayoongeza hatari ya kansa ya titi na ya ovari. Ndiyo maana vipimo vikubwa vinataka uvimbe na damu pamoja. Damu inaonyesha alichozaliwa nacho mtu, uvimbe unaonyesha kilichoongezeka, na kinachotafutwa ni ile tofauti.

Kusoma kwenyewe si mlima tena. Mradi wa kusoma jenomu ya binadamu ulianza mwaka 1990, ukatangazwa kukamilika 2003, na ukala dola zipatazo bilioni 3. Leo mashine moja inaisoma jenomu kwa siku chache. Kazi iko baada ya kusoma, kwa sababu uvimbe mmoja unaweza kuwa na maelfu ya mabadiliko, na karibu yote ni takataka zisizodhuru. Lazima litafutwe lile moja au mawili yanayoiendesha kansa, kisha iulizwe kama iko dawa ya kuyazuia.

Chukua kansa ya mapafu. Jeni moja iitwayo EGFR inatengeneza protini inayokaa juu ya seli ikisubiri ujumbe wa kukua. Ni kengele ya mlangoni: mgeni akibonyeza, inalia, seli inakua, akiondoka, inanyamaza. Kwa baadhi ya wagonjwa, wengi wao hawajawahi kuvuta sigara, jeni hiyo imebadilika na kengele imenata, inalia usiku na mchana na mlangoni hakuna mtu. Mwaka 2004 watafiti wa Boston na New York walionyesha kwamba ni wagonjwa hao hasa ambao vidonge vya gefitinib na erlotinib vinawasaidia, maana vidonge hivyo vinaifikia kengele yenyewe. Wengine wakipewa dawa ile ile haiwafai kitu. Jina la ugonjwa ni moja, kiungo ni kimoja, lakini dawa ni mbali mbali, na kwa hadubini yangu huwezi kuwatofautisha.

Mji huu ninaoishi una historia yake katika jambo hili, na kidogo naionea fahari japo si mwenyeji. Hapa pana kituo cha kusoma jenomu kilichopewa jina la Michael Smith, mkemia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Mwezi Aprili 2003 ndicho kilichokuwa cha kwanza duniani kutangaza jenomu ya kirusi cha SARS. Miaka michache baadaye watu wa kituo hicho walimkuta mzee mwenye kansa ya ulimi ya aina adimu mno, iliyokuwa imerukia mapafuni, na haikuwa na dawa inayojulikana. Waliusoma uvimbe na damu yake, wakaona jeni moja iitwayo RET inafanya kazi kupita kiasi, wakapendekeza dawa ya sunitinib iliyokuwa ikitumika kwa kansa nyingine. Vivimbe vya mapafuni vilisinyaa. Miezi kadhaa baadaye vikarudi, na vilipopimwa upya ikaonekana vimebadilika, vimepata njia ya kuikwepa dawa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2010, na mtu akitaka kuujua ubora na mpaka wa tiba hii, yote mawili yako kwa yule mzee.

Mwaka 2012 jambo lile likafanywa mpango rasmi chini ya taasisi ya kansa ya jimbo, BC Cancer, ukiongozwa na mwanasayansi Marco Marra na daktari Janessa Laskin. Wanachukuliwa wagonjwa ambao kansa yao imesambaa. Kipande kibichi kinagandishwa, damu inatolewa, jenomu nzima inasomwa, na pamoja nayo inasomwa RNA, yaani ile nakala inayoonyesha ni jeni zipi zinafanya kazi sasa hivi na zipi zimelala. Kisha madaktari, wataalamu wa jenomu na watu wa kompyuta wanakaa meza moja kubishana mgonjwa kwa mgonjwa.

Kisa chao kinachosimuliwa sana ni cha mgonjwa wa kansa ya utumbo mpana, iliyokuwa imesambaa na kushinda dawa za kawaida. Usomaji ulionyesha jeni mbili, FOS na JUN, zimepanda mno, na dalili kwamba mfumo wa mwili unaohusika na presha ya damu ndio unaozichochea. Akapewa irbesartan, kidonge cha presha. Uvimbe ukayeyuka kwenye picha, na nafuu ile ikadumu. Kisa hicho kilichapishwa mwaka 2016. Niliposimulia nyumbani, shangazi yangu akauliza kama losartan yake ya presha nayo inamkinga. Hapana, shangazi. Kile kidonge kilimfaa mtu mmoja kwa sababu ya kilichoonekana kwenye uvimbe wake. Wengine wakikimeza watashusha presha tu.

Sasa nirudi kwenye meza yangu, maana kuna sehemu ya kazi hii ambayo magazeti hayaigusi.

Karatasi ikija imeandikwa kwamba bloku inakwenda kusomwa jenomu, sikati kama ninavyokata nyingine. Natupa kisu kilichotumika, naweka kipya. Nafuta mashine, namwaga maji ya uvuguvugu, nayabadilisha, kwa sababu chembe ya mgonjwa wa asubuhi ikibaki humo itasomwa ndani ya mgonjwa wa mchana. Nakata slaidi kumi hivi bila kuzitia rangi, na moja naitia rangi. Hiyo ya rangi inakwenda kwa daktari wa patholojia, naye anazungushia kwa kalamu sehemu yenye kansa na kukadiria: hapa seli za kansa ni asilimia 40, hapa ni 10 tu, hapa ni kovu tupu. Zikiwa chache mno, mashine itasoma jenomu ya nyama nzima ya mgonjwa na kansa itajificha. Halafu nazipanga zile slaidi zisizo na rangi juu ya ile yenye duara, na kwa wembe nakwangua kilichomo ndani ya duara hadi kwenye kijichupa. Unga ule hauonekani vizuri kwa macho. Kila kitakachokuja baadaye, mashine za mamilioni, kompyuta, maprofesa mezani, kinategemea unga ule.

Na unga ule unategemea kikopo. Nyama ikitoka mwilini inaanza kuoza papo hapo, kwa hiyo inatiwa kwenye fomalini. Inayotakiwa ni ya asilimia 10 iliyotiwa bafa ili isiwe na tindikali, na iwe nyingi, mara kumi ya ukubwa wa kipande. Nyama ilale humo kati ya saa 6 na 72, isizidi. Ikicheleweshwa kutiwa, inaoza. Ikisahauliwa humo, au fomalini ikiwa kali na chachu, vinasaba vinakatikakatika. Mfupa una balaa yake: ili ukatike lazima ulainishwe, na tindikali ya kulainishia inaviua vinasaba kabisa, kwa hiyo inabidi itumike dawa ya taratibu iitwayo EDTA. Kwa uchunguzi wa kawaida makosa haya yanavumilika, daktari ataiona kansa tu. Mashine ya kusoma jenomu haisamehe.

Shemeji yangu yalimkuta hayo. Alikuwa fundi baiskeli Muheza, mtu ambaye sijawahi kumwona na sigara. Alikohoa miezi, akameza dawa za kifua kikuu, akarudishiwa tena, hadi hospitali moja kubwa ikamtoa kipande cha pafu na kuandika kansa, adenokasinoma, hatua ya nne. Hapo ndipo mpwa wangu aliponipigia. Nilimwambia mambo ya ndege na Kanada ayasahau, aende maabara akaulize bloku ya baba yake. Walimzungusha, mwishowe ikapatikana. Ikapelekwa kupimwa, majibu yakarudi: sampuli haifai. Kumbe kipande kilikaa kwenye fomalini kali zaidi ya wiki, kikisubiri gari la kukipeleka maabara. Siitaji hospitali hiyo kwa sababu nimewahi kufanya kazi mahali ambapo vikopo vilikuja na maji ya bomba, na waliovileta walikuwa watu wazuri waliochoka.

Tukaenda kwa njia ya damu. Uvimbe ukifa kidogo kidogo unamwaga vipande vya vinasaba vyake kwenye damu, na siku hizi vinaweza kunaswa na kusomwa. Si kila mara vinapatikana, lakini damu ya shemeji ilipopelekwa India ilivitoa: EGFR, ule upungufu wa eneo la 19 ambao ni miongoni mwa mabadiliko yanayojulikana zaidi. Akaanza gefitinib, kidonge kimoja kwa siku, cha kiwanda cha India. Wiki chache baadaye alinipigia yeye mwenyewe, bila kukatizwa na kikohozi, kunisimulia bei ya spoku. Alirudi kibandani kwake. Alikwenda msikitini kwa baiskeli. Alipata zaidi ya mwaka wa namna hiyo, kisha ugonjwa ukarudi kama ulivyorudi kwa yule mzee wa Vancouver. Kwa wagonjwa wa aina yake, takriban nusu wanapata badiliko jipya liitwalo T790M linaloifungia dawa mlango, nalo lina dawa yake, osimertinib, ambayo bei yake familia yetu haikuiweza. Alifia nyumbani, akili zake timamu.

Dada yangu hajutii kile kipimo. Mimi pia sijutii. Ila nimejifunza kutolitumia neno kupona.

Hesabu za mpango wa Vancouver zinasema hivyo hivyo kwa lugha yake. Walipotoa matokeo ya wagonjwa 570, asilimia 83 walikuwa na kitu kilichoonekana kinaweza kutumika kuchagua dawa. Waliopewa matibabu kutokana na usomaji ni asilimia 37. Na katika matibabu hayo, yaliyoleta manufaa ni asilimia 46, na manufaa maana yake kansa kupungua au kusimama kwa muda. Hii ni nchi tajiri, mahali palipojipanga. Ufaransa walifanya jaribio liitwalo SHIVA, wakawagawa wagonjwa 195 kwa bahati nasibu, wengine wakapewa dawa iliyoelekezwa na vipimo vya uvimbe, wengine dawa aliyoichagua daktari. Mwaka 2015 wakatangaza: kundi la kwanza kansa ilitulia miezi 2.3 kwa wastani, la pili miezi 2.0. Tofauti hiyo si kitu. Dawa walizozitumia nyingi hazikuwa na nguvu kwa walichokilenga, ndiyo sababu mojawapo, lakini matokeo ni matokeo.

Kwa hiyo wako wachache wanaofaidika sana, na wengi ambao karatasi ya kurasa nyingi haiwabadilishii kitu. Hao wachache ni wa kweli. Tangu 2017 Marekani imeruhusu dawa ya pembrolizumab kwa uvimbe wenye kasoro fulani ya kurekebisha vinasaba, uwe wa utumbo, wa mfuko wa uzazi au wa kiungo kingine. Mwaka uliofuata ikafuata larotrectinib kwa wenye muungano wa jeni za NTRK. Dawa kuruhusiwa kwa kufuata jeni bila kujali kiungo ni jambo ambalo nilipokuwa chuoni mwalimu wetu angelicheka.

Jambo moja linanikera, nalo ni hili: sehemu kubwa ya jenomu zilizokusanywa kwenye maktaba za dunia ni za watu wenye asili ya Ulaya. Mwafrika akisomwa, mara nyingi linaonekana badiliko ambalo hakuna anayejua kama ni la hatari au ni umbo la kawaida la watu wa kwao, na ripoti inaandika tu kwamba maana yake haijajulikana. Kazi zinafanyika. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliosoma jenomu 552 za kansa ya umio kutoka nchi nane, zikiwemo Tanzania, Kenya na Malawi, watafiti wakitafuta alama ya kitu kinachoifanya kansa hiyo ishamiri ukanda wetu. Alama hiyo hawakuiona. Nalo ni jibu.

Nyumbani, nani asubiri Vancouver? Tiba ya kulenga jeni ilifika Tanzania zamani kuliko watu wanavyodhani. Kansa ya damu ya aina ya CML inasababishwa na vipande viwili vya kromosomu kuungana, BCR na ABL, na dawa yake imatinib iliruhusiwa Marekani mwaka 2001. Wagonjwa wa Tanzania wameipata bure kupitia mpango wa msaada wa kampuni inayoitengeneza na shirika la Max Foundation, na wapo wanaokwenda shamba leo kwa sababu hiyo. Mashine ya GeneXpert, ile mnayoijua kwa kifua kikuu, ina katriji yake ya kupima muungano huo huo. Kwenye titi, kipimo cha rangi cha HER2 na vipokezi vya homoni kinaamua dawa kwa bei ndogo sana kuliko kusoma jenomu nzima. Shirika la Afya Duniani liliziweka imatinib na trastuzumab, dawa ya wenye HER2, kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na erlotinib 2019. Ukiniuliza mimi, nchi yenye shilingi chache ianze na jeni hizi chache ambazo dawa zake zipo, izipime kwa kila anayestahili, kabla ya kununua mashine ya kusoma herufi bilioni 3 na kuikatia utepe mbele ya kamera.

Nanyi wenye wagonjwa, kabla hamjauza kiwanja, muulizeni daktari maswali matatu kwa upole na msiondoke bila jibu: kansa hii ni ya aina gani hasa, ni jeni ipi inayotafutwa, na ikipatikana dawa yake tutainunua wapi kwa shilingi ngapi kwa mwezi. Kama swali la tatu halina jibu, fikirini tena. Ombeni nakala ya ripoti ya patholojia, andikeni namba ya bloku, mjue imehifadhiwa maabara gani. Na wewe muuguzi wa chumba cha upasuaji unayesoma hii zamu ya usiku: tafadhali, kikopo kiandikwe jina na saa, kitiwe fomalini yenye bafa mara kumi ya kipande, na kifike maabara kesho asubuhi.